Daktari wa Familia: Alitoka Wapi, na Anafundishwa na Nani?

  Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii.

Leo hatutazungumza juu ya chanjo wala uji wa mtoto. Leo tutazungumza juu ya historia, lakini ni historia inayoingia moja kwa moja nyumbani kwako. Punguza moto wa jiko githeri isije ikaungua, kisha tusikilizane.

Siku moja nilikuwa kazini katika kliniki ya watoto. Mama mmoja kijana, anayeishi katika ploti ya vyumba vya kupanga, alimleta binti yake wa mwaka mmoja na nusu. Mtoto alikuwa na kikohozi kisichoisha, na uzito wake ulikuwa haupandi. Kwa muda wa miezi miwili alikuwa ametibiwa mahali patatu. Mahali pa kwanza alipewa dawa ya maji ya kifua. Mahali pa pili alidungwa sindano. Mahali pa tatu alipewa dawa ya minyoo na vitamini. Kila mahali aliandikiwa karatasi yake, na hakuna aliyeuliza karatasi ya mwenzake ilisema nini.

Wakati huo tulikuwa na daktari aliyekuwa akisomea ubingwa wa tiba ya familia, aliyeletwa kwetu kwa mafunzo ya wiki chache. Nilipomwelekeza mama yule kwake, alinivuta kando akaninong'oneza: "Sista, mtoto wangu si wa kujifunzia. Nipeleke kwa daktari aliyemaliza shule."

Sikumlaumu. Pengine hata wewe msikilizaji ungesema hivyo. Lakini ningependa leo nimjibu mama yule vizuri zaidi kuliko nilivyomjibu siku ile, kwa sababu siku ile foleni ilikuwa ndefu. Baadaye nitawaambia mambo yaliishaje.

Kwanza tuelewane juu ya jambo moja. Daktari anayesomea ubingwa si mtu asiyejua dawa. Amesoma udaktari chuo kikuu kwa takribani miaka sita. Baada ya hapo amefanya kazi hospitalini mwaka mmoja chini ya uangalizi, akapewa leseni ya kutibu. Wengi wao wamekwisha kufanya kazi katika hospitali za wilaya, wakizalisha na kupasua usiku wa manane. Ndipo wakarudi shuleni tena. Swali ni hili: walirudi kusoma nini ambacho hawakukijua?

Turudi nyuma kidogo. Zamani, kijana wa Kenya aliyetaka kuwa daktari alikwenda Makerere, Uganda, kwa maana hapakuwa na shule ya udaktari nchini kwetu. Chuo cha Nairobi kilifungua shule yake ya udaktari mwaka wa 1967. Kisha kikaanza kufundisha mabingwa: wa watoto, wa akina mama, wa upasuaji, wa magonjwa ya ndani. Hilo lilikuwa jambo jema sana. Kabla ya hapo, aliyetaka ubingwa alilazimika kwenda nje ya nchi.

Lakini ubingwa wa namna hiyo humgawanya mgonjwa. Bingwa wa watoto anamtazama mtoto. Bingwa wa akina mama anamtazama mama. Presha ya nyanya ina mwenyewe, na pombe ya baba haina mwenyewe kabisa. Tena mabingwa hawa walisomea katika hospitali kubwa, na wengi wakabaki katika miji mikubwa. Kule wilayani alipelekwa daktari kijana, aliyemaliza shule juzi, akaachiwa wadi zote. Alijifunza peke yake, na alipoanza kuwajua watu wa pale alihamishwa au akarudi Nairobi kusomea ubingwa wa sehemu moja.

Shida hii haikuwa ya Kenya pekee. Huko Uingereza, madaktari wa kawaida wa mitaani walianzisha chuo chao mwaka wa 1952, kwa sababu walichoka kuonekana kama madaktari walioshindwa kuwa mabingwa. Huko Marekani, mwaka wa 1969, tiba ya familia ilikubaliwa kuwa ubingwa kamili wenye mafunzo na mitihani yake. Mwaka wa 1978 mataifa ya dunia yalikutana katika mji wa Alma-Ata, Kazakhstan, wakati huo ikiwa sehemu ya Muungano wa Kisovieti. Walikubaliana kwamba afya ya msingi, ile inayotolewa karibu na nyumbani kwa watu, ndiyo mlango wa afya kwa wote. Kutoka hapo ndipo mengi tunayoyafanya sisi wauguzi wa jamii yalipopata nguvu. Cuba nayo, mwaka wa 1984, ilianza kuwapeleka daktari na muuguzi pamoja wakaishi katika mtaa na kuzijua familia zake. Jirani zetu Uganda walianza kufundisha ubingwa wa namna hii Makerere mwaka wa 1989.

Na sisi Kenya je? Kwetu mbegu ilikuwa imepandwa zamani katika hospitali za misheni. Mnaosafiri kwenda Meru mnaijua njia: unatoka Thika, unapita Makutano na Embu, unafika Chuka, halafu Chogoria. Pale Chogoria, mwaka wa 1922, daktari Mskoti aitwaye Archibald Irvine alianza kutibu watu. Kuna pia Kijabe kule ukingoni mwa Bonde la Ufa, na Tenwek kule Bomet. Katika hospitali hizi daktari mmoja alitibu kila mtu. Asubuhi alikuwa na watoto, mchana alimfanyia mama upasuaji wa kujifungua, jioni alizungumza na mzee mwenye sukari. Hakuwa na wa kumwita. Kwa hiyo waliofanya kazi huko waliona wazi kwamba daktari wa namna hii anahitaji kufundishwa makusudi, asiachwe ajifunze kwa kubahatisha.

Hospitali hizo ziliungana katika taasisi iliyoitwa INFAMED, wakashirikiana na Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, pamoja na Wizara ya Afya. Chuo cha Moi kilikuwa kimewazoea wanafunzi wake kwenda vijijini, kwani tangu kilipoanza kufundisha udaktari mwaka wa 1990 kiliwapeleka kujifunza katika jamii. Basi mwaka wa 2005, shule ya kwanza ya ubingwa wa tiba ya familia nchini Kenya ikaanza pale. Wa kwanza walihitimu mwaka wa 2008.

Sasa sikiliza jambo lililonifurahisha mimi kama muuguzi. Madaktari hawa hawakufungiwa Eldoret katika hospitali kubwa. Walipelekwa Webuye, katika hospitali ya wilaya kando ya barabara kuu ya kwenda Malaba. Wengine walipelekwa Chogoria, Kijabe na Tenwek. Walipelekwa mahali ambapo mgonjwa anakuja kwa miguu au kwa bodaboda, mahali ambapo dawa huisha na stima hupotea. Waliokianzisha chuo hicho waliona kwamba huwezi kumfundisha mtu kutibu familia mahali ambapo familia haipo.

Mafunzo yenyewe yakoje? Huchukua miaka kadhaa, na katika vyuo vingine ni miaka minne. Daktari hupita wadi kwa wadi: watoto, wazazi, upasuaji, magonjwa ya ndani, afya ya akili, chumba cha dharura. Hutengewa saa za darasa katika wiki. Hapo husimama mbele ya walimu na wenzake, akamweleza mgonjwa aliyemtibu, na kuulizwa maswali magumu: kwa nini ulimpa dawa hii? Ulimuuliza analala wapi? Nani anampikia? Hufanya utafiti na kuandika kitabu chake cha uchunguzi. Hutoka kwenda katika jamii, hutembelea nyumba, huketi na wahudumu wa afya wa kijijini. Mwishoni hufanya mitihani mikali.

Kuna vitu viwili wanavyofundishwa ambavyo hata sisi walezi tunaweza kuviiga.

Cha kwanza ni kusikiliza. Daktari wa familia hufundishwa kumuuliza mgonjwa maswali matatu: Wewe mwenyewe unafikiri ugonjwa huu umeletwa na nini? Unaogopa nini? Ungependa tukusaidie namna gani? Ni maswali madogo. Lakini mama akiulizwa anaogopa nini, mara nyingi hapo ndipo neno la kweli linapotoka.

Cha pili ni kuchora mti wa familia. Huchukua karatasi, akachora duara kwa kila mwanamke na mraba kwa kila mwanamume: nyanya, babu, baba, mama, watoto. Huunganisha kwa mistari, akaandika kando nani ana presha, nani ana sukari, nani ana pumu, nani alifariki na kwa nini, nani analala na nani chumba kimoja. Kwa dakika chache anaiona nyumba yako bila kufika kwako.

Baada ya Eldoret, shule nyingine zilifuata. Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, kikaanza kufundisha ubingwa huu, na Chuo Kikuu cha Kabarak kikafanya hivyo pamoja na hospitali za misheni. Mwezi wa Juni 2018 madaktari 100 kutoka Cuba waliletwa nchini, na mwaka huo huo madaktari 50 Wakenya wakapelekwa Cuba kusomea tiba ya familia. Safari ile ilikuwa na machungu yake. Mwezi wa Machi 2019 daktari mmoja wetu alifariki akiwa masomoni huko, mbali na watu wake, na nchi ikahuzunika. Wengi waliuliza kwa nini vijana wapelekwe mbali hivyo ilhali shule ipo Eldoret tangu 2005. Mwaka wa 2023 serikali ilitangaza kwamba mapatano hayo na Cuba hayataendelea.

Mwaka huo huo wa 2023 ilipitishwa Sheria ya Afya ya Msingi. Mpango wake ni kuziunganisha zahanati, vituo vya afya na wahudumu wa afya wa jamii na hospitali moja iliyo karibu nao, kama matawi na shina. Kundi la wahudumu wa aina mbalimbali hufanya kazi pamoja, nalo linatakiwa liongozwe na daktari wa familia. Mpango ni mzuri. Lakini madaktari wenyewe bado ni wachache mno.

Sasa tuje kwetu. Kwa hesabu ya watu ya mwaka wa 2019, mji wa Ruiru ulikuwa na watu zaidi ya 490,000, na Thika zaidi ya 250,000. Hebu fikiri: Ruiru ilikuwa na watu wengi kuliko Eldoret, mji ambako mafunzo haya yalianzia. Mahali palipokuwa na mashamba ya kahawa sasa pana ploti za orofa sita. Watu wametoka kila pembe ya nchi, wengi hawana shangazi wala nyanya karibu wa kuwaambia, "Ugonjwa huu hata mjomba wako alikuwa nao." Katika mji kama huu, mtu huhama nyumba mara mbili kwa mwaka na kubadilisha kliniki kila anapohama. Historia yake ya ugonjwa hubaki kwenye karatasi zilizolowa chini ya godoro. Hawa hasa ndio wanaohitaji mtu wa kuiona familia nzima.

Vyuo vya kufundisha watu wa afya tunavyo. Chuo cha Jomo Kenyatta kipo Juja, Chuo cha Mount Kenya kipo Thika, na vyote viwili vinafundisha udaktari. Chuo cha KMTC nacho kipo Thika. Hospitali ya Thika Level 5 imezoea kupokea wanafunzi. Kwa hiyo, mama wa hapa kwetu, ujue kwamba utakutana na mwanafunzi leo au kesho. Ndiyo maana nimeona tuzungumze.

Turudi kwa mama yule wa kikohozi. Nilimwomba ajaribu, nikamwahidi kwamba nitaketi naye, na kwamba asiporidhika tutamwita mwalimu wa daktari yule. Alikubali shingo upande.

Daktari hakuanza na kifua cha mtoto. Alimwuliza mama anaogopa nini. Mama akanyamaza, kisha akasema, "Naogopa atakufa kama wa dada yangu." Daktari akachukua karatasi, akachora maduara na miraba. Mama anafanya kazi kiwandani. Baba anafanya kazi za mjengo. Mtoto mchana anabaki na nani? Na nyanya yake, aliyekuja kutoka mashambani, na wote wanne wanalala chumba kimoja. Nyanya ana afya? "Ana kikohozi tu, ni moshi wa jiko. Ana miezi mitatu nacho. Hata nguo zimemlegea."

Kesho yake nyanya aliletwa. Makohozi yake yalipimwa, yakaonyesha kifua kikuu. Mtoto naye alichunguzwa, akaonekana ameambukizwa na ameanza kuugua. Wote wawili walianzishiwa dawa, ambazo katika vituo vya serikali hutolewa bila malipo. Mama na baba walipimwa pia. Mwezi wa pili wa dawa, mstari wa uzito kwenye kitabu cha kliniki ulianza kupanda.

Sisemi kwamba wale watatu waliomtibu mwanzo walikuwa wabaya. Kila mmoja alitibu alichokiona mbele yake. Aliyeuliza juu ya asiyekuwepo chumbani ni huyu aliyefundishwa kuuliza. Na huyu ndiye mama aliyekuwa akimkimbia kwa sababu bado yuko shuleni.

Tena kuna jambo jingine. Siku ile daktari yule alifundishwa na nani? Mwalimu wake alikuwepo, ndiyo, na alihakiki kila kitu. Lakini aliyemfundisha kwamba kikohozi cha mtoto kinaweza kutoka kwa nyanya ni mama mwenyewe, kwa kusema ukweli wa nyumba yake. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mama yule hakuficha, na kila mtoto ambaye daktari yule atamtibu baadaye atafaidika na maneno yake.

Hata hivyo, kumsaidia mwanafunzi si kunyang'anywa haki yako. Katiba ya mwaka wa 2010, Kifungu cha 43, inakupa haki ya afya bora. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inataka uelezwe hali yako na matibabu yako kwa lugha unayoielewa, na ukubali kabla ya kutibiwa. Kwa hiyo una ruhusa ya kuuliza: "Daktari, jina lako ni nani? Bado unasoma? Mwalimu wako ni nani?" Anayefundishwa vizuri hatakasirika. Ukiona wanafunzi wengi mno wamekizunguka kitanda chako na unaona haya, una ruhusa kusema wapungue. Na ukikataa kabisa, bado unastahili kutibiwa.

Miezi michache baadaye mama yule alirudi. Mtoto alikuwa amenenepa, anatembea, anavuta kila kitu mezani. Mama akaniuliza, "Sista, yule daktari wetu yuko wapi? Nina shida yangu mimi sasa, presha inanisumbua." Ilinibidi nimwambie kwamba daktari alimaliza wiki zake, akaendelea na mafunzo mahali pengine, na hatujaletewa mwingine. Nikampima presha mwenyewe, nikatoa faili. Karatasi ile ya maduara na miraba bado ilikuwemo. Tukaanzia hapo. Mamake, yule nyanya, alikuwa na presha pia.

Mpaka daktari wa familia atakapofika katika kila kituo cha Thika na Ruiru, kazi hii itafanywa na sisi tuliopo: wewe, mimi, na mhudumu wa afya wa mtaa wako. Tuuliane maswali yake.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Daktari anayesomea ubingwa wa tiba ya familia tayari ni daktari mwenye leseni. Anafanya kazi chini ya mwalimu.

2. Unapompeleka mtoto kliniki, beba karatasi zote za matibabu ya awali pamoja na kitabu cha mama na mtoto, hata kama alitibiwa mahali pengine.

3. Mwambie daktari au muuguzi ni nani mnaishi naye na nani mgonjwa nyumbani, hata kama hukuulizwa.

4. Mtu yeyote nyumbani mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi apimwe kifua kikuu. Watoto wanaoishi naye wachunguzwe pia, hata kama hawakohoi.

5. Una haki ya kujua jina na cheo cha anayekutibu, kuelezwa kwa lugha yako, na kukubali au kukataa.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

Je, unajua nyanya na babu zako waliugua nini? Chukueni karatasi, kila mmoja achore mti wa familia yake: duara kwa mwanamke, mraba kwa mwanamume. Ni ugonjwa gani unaojirudia? Mtoto wako hubaki na nani mchana, na mtu huyo alipimwa afya lini?

Kwa hayo machache, nawaaga. Ukienda kliniki wiki hii, enda na karatasi yako ya maduara na miraba. Mimi nitafurahi kuiona. Kwaherini, na Mungu awalinde ninyi na watoto wenu.